Darasa linalomeza maneno: namna ya kupunguza mwangwi

Mwalimu akiona wa nyuma hawaelewi, hupaza sauti. Katika darasa la kuta za plasta, sakafu ya saruji na dari ngumu, hilo halisaidii sana: mwangwi nao unapanda kwa kiasi kilekile, na silabi iliyotangulia inaendelea kuvuma juu ya inayofuata. Irabu zina nguvu, zinafika. Konsonanti ni dhaifu na fupi, ndizo zinazofunikwa, na ndizo zinazotenganisha "pika", "fika" na "shika". Mtu mzima hubahatisha kwa kufuata maana ya sentensi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Tanzania, aliyemaliza msingi kwa Kiswahili na sasa anafundishwa baiolojia kwa Kiingereza, atabahatisha kwa msamiati upi? Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kumwita mtoto mzito wa kuelewa, tukipime chumba.

Hatua ya 1: Toa imla

Andaa maneno 20 yanayofanana: paka, taka, kaka, saka, pua, tua, fua, jua. Simama ubaoni, shika karatasi mbele ya mdomo wasikusome midomo, kisha soma kwa sauti yako ya kila siku. Sahihisha safu kwa safu. Halafu wa nyuma waje mbele, usome orodha nyingine. Wakipanda alama, kosa si lao. Mtoto anayekosa hata akiwa mbele apelekwe kupimwa masikio.

Hatua ya 2: Pima kelele

Darasa linyamaze dakika moja, feni na madirisha vikiwa kama kawaida. Pale mtoto alipoketi, sauti ya mwalimu inatakiwa kuizidi kelele kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 hivi. Programu ya simu si sahihi sana, ila kwa kulinganisha inatosha: weka simu kwenye dawati la nyuma, pima kimya, kisha pima ukisoma. Feni inayokwaruza na dirisha linalotazama barabara vishughulikiwe kwanza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwangwi

Muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti, unaohesabiwa kwa mita za mraba. Kanuni hii tunayo kwa kazi ya Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, ambaye kuanzia 1895 alikuwa akihamisha mito ya viti usiku hadi kwenye ukumbi ambamo maneno yalikuwa hayasikiki vizuri, akipima sauti inachukua muda gani kufifia.

Chukua darasa la mita 9 kwa 7, kimo mita 3, dari ya jipsamu. Ujazo ni mita za ujazo 189, mara 0.161 ni kama 30.4. Kuta, sakafu na dari hiyo ngumu vyote pamoja hunyonya sawa na mita za mraba 7 tu. Wanafunzi 45, kila mmoja 0.3, wanaongeza 13.5. Madirisha yaliyo wazi, mita za mraba 6, huhesabiwa yote kwa sababu sauti ikitoka hairudi. Jumla 26.5, na jibu ni kama sekunde 1.15. Kiwango cha Marekani kwa darasa la ukubwa huu ni 0.6, tena bila watu ndani. Mimi huridhika nikiikaribia 0.6 wanafunzi wakiwemo.

Hatua ya 4: Anza na dari

Fedha ikiwa kidogo, yote iende hapa. Softibodi ya nyuzi za mbao, yenye nafasi ya hewa juu yake, tuihesabie 0.4, yaani inanyonya sehemu nne kati ya kumi za sauti inayoigonga: mita za mraba 63 zinakupa 25. Ondoa 3 za jipsamu uliyobandua, jumla inakuwa 48.5 na mwangwi unashuka hadi 0.63. Mwambie fundi asiipake rangi ya mafuta, maana itaziba vitundu vinavyonyonya sauti. Mbao za kufungia zipigwe dawa ya mchwa.

Trei za mayai hazifanyi kazi watu wanayodhani. Sponji za magodoro usiziweke kabisa. Zikishika moto, moshi wake ni sumu na humo ndani kuna watoto.

Darasa la mabati matupu lina shida nyingine: mvua. Dari itapunguza kishindo, lakini ikinyesha ile ya masika, acha kuhadhiri. Andika kazi ubaoni, wafanye kimyakimya.

Hatua ya 5: Ukuta wa nyuma, kisha rudia imla

Sauti hugonga ukuta huu na kumrudia mwalimu. Pazia zito lenye mikunjo, likining'inia mbali kidogo na ukuta, linasaidia. Miguu ya viti vya chuma ivalishwe vipande vya mpira wa tairi.

Rudia imla kwa maneno mapya, kila mtoto akiwa pale alipoketi mwanzo. Safu ya nyuma ikikosea bado, rudi kwenye kelele ya hatua ya 2 kabla hujanunua bodi nyingine.