Jinsi ya kuipa laptopu kuukuu ulinzi usioilemea

Jumamosi iliyopita shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na laptopu yake imefungwa kwenye kitenge. "Shem, hii imekufa. Naiwasha, nainjika chai, nainywa, ndiyo inafunguka." RAM ni GB 4, diski ni ile ya kuzunguka, Windows 10. Nilikagua, sikupata kirusi hata kimoja. Nilichokuta ni antivairasi mbili na nusu: moja ilikuja na mashine kwa majaribio ikaisha muda wake, ya pili kawekewa na fundi, na Defender ya Windows ilikuwa pembeni, haijulikani imelala au iko macho. Swali la "niweke antivairasi gani nyepesi" naulizwa sana, kwa hiyo naandika tulivyofanya.

Hatua ya 1: Jua nani yuko zamu

Fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandika amri) kama msimamizi, andika:

Get-CimInstance -Namespace root/SecurityCenter2 -ClassName AntiVirusProduct

Utaona majina ya antivairasi zote ambazo Windows inazitambua. Usiamini ikoni za chini kulia. Kwa shemeji ikoni zilionyesha moja tu.

Hatua ya 2: Chagua moja

Mimi huchagua Microsoft Defender, na sioni haya kusema hivyo. Tayari imo ndani, haidai malipo kila mwaka, haikurushii matangazo. Ukitaka nyingine, kabla ya kupakua angalia vipimo vya AV-Comparatives ya Austria au AV-TEST ya Ujerumani, na usome sehemu inayopima mzigo: kunakili mafaili, kufungua programu, kuvinjari. Wengi husoma asilimia ya virusi vilivyonaswa halafu wanashangaa mashine inaganda. Kuhusu ClamWin, ambayo watu huisifia wepesi: haikagui faili wakati linafunguliwa, inasubiri uiamuru. Wepesi wake ni wa mlinzi aliyelala getini.

Mbili kwa pamoja, hapana. Kila faili linakaguliwa mara mbili, na kwenye diski ya kuzunguka hapo ndipo chai inapopikwa.

Hatua ya 3: Zitoe zile nyingine, mpaka mizizi

Hapa tulikaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa hiyo soma taratibu.

Kutoa programu kwa njia ya kawaida ya Windows mara nyingine hakutoshi. Jina linaweza kubaki kwenye ile orodha ya hatua ya kwanza, Windows inaamini mlinzi bado yupo, na Defender haiamki. Kampuni nyingi za antivairasi hutoa kiondoaji chao maalumu. Kipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, siyo kwenye zile tovuti zenye vitufe vitano vya kupakua, kisha ukiendeshe ndani ya Safe Mode, yaani Windows ikiwa imewasha vitu vya lazima tu: shikilia Shift ukibonyeza Restart, fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, halafu Restart, na mwisho namba 4.

Lakini kabla hujagusa Shift, hakikisha mambo matatu.

La kwanza ni nywila. Ndani ya Safe Mode PIN mara nyingi inakataa, unadaiwa nywila kamili ya akaunti. Shemeji alikuwa anaingia kwa PIN tangu anunue mashine, nywila ameisahau kabisa. Kuibadilisha kunahitaji ujumbe kwenye simu, na namba iliyosajiliwa ilikuwa ya laini iliyopotea. Ilibidi tufunge kila kitu, twende kurudisha laini, tupange foleni. Tukarudi, tukabadilisha nywila kwa simu yangu, tukaingia Safe Mode, ikakataa tena! Mashine ilikuwa bado inajua nywila ya zamani, maana Safe Mode ya namba 4 haina mtandao wa kwenda kuulizia mpya. Kwa hiyo ukibadilisha, ingia kwanza mara moja kwa kawaida, intaneti ikiwa imewaka, kwa nywila mpya. Ndipo uende Safe Mode.

La pili, kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya Windows ya kuficha data), huenda ukaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Uandike kwenye karatasi kabla.

La tatu ni Wi-Fi. Baadhi ya antivairasi huacha kichujio chao kwenye kadi ya mtandao. Ukimaliza kuzitoa, Wi-Fi inaonyesha imeunganishwa na hakuna ukurasa unaofunguka. Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya kulia kwenye Wi-Fi, chagua Properties, na kama kuna mstari wenye jina la ile antivairasi, ondoa tiki. Ikishindikana kuna Network reset kwenye Settings, ila andika nywila ya Wi-Fi kwanza.

Kisha washa upya, rudia amri ya hatua ya kwanza. Libaki jina moja. Hakikisha na hii:

Get-MpComputerStatus

Kwenye RealTimeProtectionEnabled uone True.

Hatua ya 4: Tazama mlango wa uani

Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka hadi Exclusions. Humo ndimo yanamokaa mafaili na folda ambazo Defender imeambiwa isiziguse. Kwa shemeji nilikuta C:\ nzima. Fundi aliyemwekea Office iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni, alijua Defender itakifuta kile kikraki, akaisamehe diski yote. Nilifuta msamaha ule, nikaendesha Microsoft Defender Offline scan, na kikraki kikaondoka. Office nayo ikaanza kudai leseni, tukaweka LibreOffice. Alama za darasa la sita zinafunguka vizuri tu.

Hatua ya 5: Ipunguzie kasi ya ukaguzi

Kwenye PowerShell ileile, andika:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Namba hiyo ni asilimia ya nguvu za prosesa ambayo ukaguzi unaruhusiwa kutumia; kawaida ni 50. Ukaguzi wa ratiba utachukua muda mrefu zaidi, lakini utaweza kuandika huku unaendelea.

Hatua ya 6: Faiawoli

Faiawoli ni kizuizi cha mawasiliano ya mtandao yasiyotakiwa, na ile ya Windows inatosha. Hakikisha imewaka, na mtandao wako uweke Public, hata nyumbani, hata hotspoti ya simu, isipokuwa kama una printa au mafaili ya kushirikiana ndani ya nyumba. Mwaka 2017 WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilisambaa kwa kugonga milango ya kushirikiana mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kwenye Public mlango huo umefungwa.

Faiawoli ya Windows huzuia yanayoingia na kuruhusu yanayotoka. Ukitaka kudhibiti na yanayotoka, TinyWall ni ndogo na haikusumbui kwa maswali. Ila inafunga kila kitu mpaka uruhusu, kwa hiyo usimwekee mtu kisha ukaondoka. Utapigiwa simu usiku kwamba umeharibu intaneti.

Hatua ya 7: Jaribu

Pakua faili la majaribio la EICAR kutoka eicar.org. Ni herufi 68 tu, halina madhara, na limetengenezwa ili antivairasi zilishtukie. Likishuka na kutulia bila Defender kusema neno, rudi hatua ya 3.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na antivairasi haizibi matundu ya Windows yenyewe. Kama mashine inakubali 11, panda. Ya shemeji haikubali, kwa hiyo nimemwandikisha kwenye ESU, mpango wa Microsoft wa muda wa ziada, unaompa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Ameahidi kuanza kuweka akiba ya mashine nyingine, na kitenge amekiacha kwangu.