Kupanga diski za seva ya nyumbani: anza na siku diski moja itakapokufa

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, hapa Tabata, Dar es Salaam. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Weka kamera mbili, rekodi saa 6 kuanzia bibi harusi anapopambwa hadi ukumbini, tayari una GB 540, na hapo sijagusa sendoff wala kicheni pati. Picha mbichi sizifuti. Aliwahi kunijia binti mmoja baada ya kufiwa na baba yake. Kwenye video iliyokamilika mzee anaonekana kidogo tu, anamshika mkono binti yake wanaingia ukumbini. Kwenye picha mbichi zilikuwemo nasaha zake zote, mwanzo mpaka mwisho, na sauti imetoka safi. Vitu vya namna hiyo havipigwi mara ya pili, ndiyo maana suala la kupanga diski nalichukulia kwa uzito.

Watu wengi wakitaka kuunda seva ya nyumbani, yaani kompyuta ya kutunzia faili zao, huanza kuuliza nafasi: diski nne za TB 4, nitabaki na ngapi? Swali zuri, ila liwe la pili. La kwanza liwe hili: diski moja ikifa Ijumaa usiku, nini kitatokea kuanzia hapo mpaka diski mpya iwe imejazwa? Kwetu jibu lina mambo yake. Diski unayoitaka huenda isipatikane Kariakoo kesho yake, hasa ukubwa wa TB 8 kwenda juu, na ukiiagiza unasubiri. Umeme nao unaweza kukatika katikati ya kazi. Mpangilio mzuri ni ule unaokuacha salama katika siku hizo za kusubiri.

Sasa tuione mipangilio yenyewe. Jina RAID lilienea kutokana na andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa zinaweza kufanya kazi ya diski moja kubwa ya gharama.

RAID 0 inagawa data katika diski zote na haiweki akiba yoyote. Nne za TB 4 zinakupa TB 16, na ikifa moja zimekufa zote. Wanaoichagua husema wanataka kasi. Lakini waya wa mtandao wa gigabiti moja hauvuki MB 125 kwa sekunde, na diski moja ya kisasa inafika hapo peke yake kwa faili kubwa. Kasi unayoilipia haitatoka hata nje ya seva. Achana nayo.

RAID 1 ni jozi: diski mbili zinaandikwa kitu kilekile.

RAID 5 inatumia hesabu. Chukua diski tatu. Ya kwanza ina 7, ya pili ina 5, ya tatu inaandikwa jumla, 12. Ya pili ikifa, 12 toa 7, umepata 5 yako. Kompyuta yenyewe hutumia hesabu ya biti iitwayo XOR na jumla hizo huzisambaza katika diski zote, ila mantiki ni hiyo. Gharama yake imejificha humohumo: ili kuirudisha diski moja iliyokufa, zote zilizobaki lazima zisomwe. RAID 6 inaongeza hesabu ya pili ya aina tofauti, kwa hiyo zinaweza kufa mbili zozote. Kwenye ZFS, mfumo wa kutunza faili na kupanga diski ninaoutumia mimi, ndugu zao wanaitwa raidz1 na raidz2.

Kwa diski nne za TB 4, raidz1 inakupa TB 12, raidz2 inakupa TB 8, na jozi mbili zinakupa TB 8 vilevile. (Kompyuta itakuonyesha pungufu, kwa sababu TB 4 za muuzaji ni 3.64 kwa hesabu ya kompyuta. Hujaibiwa.) Hapo ndipo wengi wanapoitamani raidz1, na hapo ndipo mimi ninapokataa.

Fikiria nne za TB 8 zilizojaa, moja imekufa. Kuijenga upya kwa raidz1 kunadai diski tatu zilizobaki zisomwe, jumla TB 24. Watengenezaji wengi wa diski za kawaida huandika kikomo cha kosa moja la kusoma katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani kama TB 12.5. Haimaanishi ukifika TB 12.5 lazima ukwame, kwani diski nyingi hufanya vizuri kuliko hapo. Na ZFS ikikutana na kipande kisichosomeka inakutajia faili lililoharibika na kuendelea na mengine, haiangushi kila kitu. Ila diski hizo tatu zimenunuliwa pamoja, zimefanya kazi muda mmoja, kwenye joto moja, na ninaziomba zikimbie kwa nguvu zote wakati ambao sina akiba hata moja. Kwa jozi, inasomwa moja tu: mwenzake aliyebaki. TB 8 kwa wastani wa MB 180 kwa sekunde ni saa 12 na kidogo, na ZFS haihangaiki na sehemu tupu, inanakili kilichoandikwa tu.

Kati ya raidz2 na jozi mbili, nafasi ni sawa, basi hapo unachagua tabia. Raidz2 inavumilia mbili zozote. Jozi zinavumilia moja katika kila jozi. Ikishakufa moja, kati ya tatu zilizobaki ipo moja ambayo kifo chake kinamaliza kila kitu. Kwa hesabu tupu raidz2 inashinda, nami nakubali. Nimechagua jozi kwa sababu ya mfuko na kazi. Unaweza kuanza na diski mbili leo, ukaongeza mbili baada ya msimu wa harusi. Ukitaka kukua unabadilisha mbili, si nne. Na ukihariri moja kwa moja kutoka kwenye seva, vipande vingi vidogo vikiitwa kwa pamoja, jozi mbili zinajibu upesi, wakati kundi zima la raidz kwa kazi hiyo huenda mwendo unaokaribia wa diski moja. Ukiwa na diski sita au zaidi, na seva ni ghala tu la kutunzia, chukua raidz2. Tangu toleo la 2.3 la OpenZFS, ZFS ya chanzo huria, lililotoka Januari 2025, kundi la raidz linaweza hata kuongezewa diski moja moja, jambo lililokuwa haliwezekani.

Kwa nini ZFS? Kila kipande cha data huwekewa alama ya kukihakiki. Jozi ya kawaida ya Linux, ile ya mdadm, nakala mbili zikitofautiana haijui ipi ni sahihi. ZFS inajua, inasoma ile nzima na kuirekebisha mbovu. Huhitaji kompyuta ya ajabu, RAM ya GB 8 inatosha kwa nyumba. RAID 5 na 6 za Btrfs, mfumo mwingine wa faili wa Linux, ziache, nyaraka zao wenyewe zinaonya zisitumike kwa kazi halisi. Kadi za RAID za mitumba nazo ziache: kadi ikiungua unaweza kulazimika kutafuta ya familia ileile ndipo diski zako zisomeke. Na usifunge seva kwa diski za USB, waya ukilegea kidogo tu diski inapotea kwenye kundi.

Kwenye kununua, kuwa mkali. Zipo diski ambazo njia zake za kuandikia zimelaliana kama vigae vya bati, teknolojia inayoitwa SMR. Zinafaa kutunzia, lakini ukizijaza mfululizo, kama wakati wa kujenga upya, mwendo unaanguka vibaya. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zilikuwa SMR; baada ya hapo Western Digital wakazitenga zile za CMR, yaani ambazo njia zake hazilaliani, kwa jina la Red Plus. Kwa hiyo soma namba ya modeli kwenye lebo, usisome rangi ya boksi. WD40EFRX ni CMR, WD40EFAX ni SMR, na tofauti ni herufi moja. Seagate BarraCuda ST4000DM004 ni SMR, IronWolf ni CMR.

Diski ya "mpya" ipime kabla hujaikubali. Nenda dukani na kompyuta yako ndogo na kifaa cha kuunganishia, uandike amri ya kusoma afya ya diski, `smartctl -a`, na jina la diski. Angalia Power_On_Hours: diski mpya haiwezi kuwa na maelfu ya saa. Angalia namba 5 (sehemu mbovu zilizokwisha kuhamishwa) na namba 197 (sehemu zenye mashaka), safu ya RAW_VALUE, zote ziwe sifuri. Hesabu hizo zinaweza kufutwa na mjanja, kwa hiyo kwa Seagate ongeza `smartctl -l farm`, inayosoma kumbukumbu nyingine ya ndani. Saa za huku na za kule zikipishana sana, rudisha mzigo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Na ukiweza, diski za jozi moja zinunue kwenye maduka mawili tofauti, ili zisitoke kiwandani siku moja.

Ukifika nyumbani, andika namba ya kila diski, ile iliyochapwa kwenye lebo, kwenye kipande cha plasta, ukibandike upande unaoonekana kasha likiwa wazi. Siku ya tatizo, seva itakutajia namba hiyo. Kuchomoa diski nzima ukiacha mbovu ndiko kunakopoteza data kwa jozi.

Kisha unda kundi. Tumia majina ya by-id, yanayobeba namba ya diski yenyewe, kwa sababu majina mafupi ya Linux kama sda na sdb hubadilika:

`zpool create -o ashift=12 harusi mirror /dev/disk/by-id/DISKI1 /dev/disk/by-id/DISKI2 mirror /dev/disk/by-id/DISKI3 /dev/disk/by-id/DISKI4`

Neno harusi ni jina la kundi, na kila neno mirror linafunga jozi moja. Halafu kwa video:

`zfs set recordsize=1M compression=lz4 atime=off harusi`

Ukitumia TrueNAS, mfumo wa seva uliotengenezwa tayari, utafanya yote haya kwa kubofya, ni sawa tu.

Kabla hujaweka kazi ya mtu, fanya jaribio. Nakili video chache, zima mashine, chomoa waya wa data wa diski moja, washa. Andika `zpool status`. Lazima uone DEGRADED, yaani kundi lina pungufu, na video bado zinacheza. Zima, rudisha waya, washa, tazama ikijirekebisha. Nakusihi usiruke hatua hii. Siku diski itakapokufa kweli mikono itakuwa inatetemeka, na itasaidia sana kama umeshaona maandishi hayo ukiwa umetulia.

Umeme sasa. ZFS huandika data mpya mahali papya bila kufuta ya zamani kwanza, hivyo umeme ukikatika unapoteza sekunde chache za mwisho, si kundi zima. Hilo haliondoi haja ya UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika. Seva ndogo yenye diski nne inatumia kama wati 60 hadi 80, lakini zikianza kuzunguka kwa pamoja kila diski inaweza kuvuta zaidi ya wati 20, kwa hiyo acha nafasi. UPS ya VA 650 inatosha. Chagua yenye waya wa USB, weka programu ya NUT, iamuru seva ijizime yenyewe betri ikipungua. Na seva isijiwashe papo hapo umeme unaporudi. Mara nyingi unarudi, unakatika tena, unarudi. Mimi nasubiri utulie ndipo nabonyeza.

Joto la pwani lipunguze kwa feni moja kubwa inayopuliza mbele ya diski, na uache nafasi kati ya diski na diski. Zikivuka nyuzi 45 mara kwa mara, sogeza kasha.

Ukaguzi wa mara kwa mara ni `zpool scrub harusi`, unaosoma kila kitu na kurekebisha kilichooza. Kwenye Debian, aina ya Linux, hujiendesha wenyewe Jumapili ya pili ya mwezi. Kazi yako ni kuhakikisha siku hiyo seva imewashwa.

Na yote haya si bakapu. Ukifuta folda kwa kidole chako, jozi inafuta pande zote mbili kwa uaminifu mkubwa. Mwizi anabeba kasha zima, na radi haichagui. Nina diski za nje zinazokaa kwa dada yangu Mbezi; nikienda na mpya narudi na ya zamani. Kuipandisha harusi moja ya GB 500 mtandaoni kwa megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku nne na nusu mfululizo, ndiyo maana nabeba kwa mkoba. Mtandaoni napandisha video zilizokamilika tu.

Kundi likifika asilimia 80, usisubiri lijae. Andika `zpool set autoexpand=on harusi`, nunua mbili kubwa zaidi, badilisha ya kwanza kwa `zpool replace`, subiri imalize, kisha ya pili. Kama una tundu la SATA la ziada, iweke mpya humo huku ya zamani ikiwa bado imechomekwa, ili jozi isikae na mguu mmoja hata saa moja. Ya pili ikimaliza, nafasi inaongezeka yenyewe. Zile mbili zilizotoka zipime tena kwa smartctl, na zikiwa safi zipeleke Mbezi.