Samadi mbichi isiingie mferejini: homoni za ng'ombe na kazi ya vimeng'enya

Kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa) vya Marangu, Kibosho na Machame, Kilimanjaro, banda la ng'ombe na mfereji havipishani mbali. Masika yakichanganya, mkojo na kinyesi huteremka na maji, na huko chini yupo jirani mwenye bwawa la perege. Habari ya minyoo na harufu tunaijua. Ya homoni huwa haisemwi.

Ng'ombe jike hutengeneza estrojeni, yaani homoni za kike, na anayekaribia kuzaa ndiye anayetoa nyingi zaidi. Vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, huzifunga kwa sukari au salfeti ili ziyeyuke na kutoka kwa mkojo na nyongo. Zikifika kwenye kinyesi, bakteria wenye kimeng'enya chao hukata kile kifungo, homoni ikawa hai tena. Samaki huathirika upesi: makumi tu ya nanogramu (bilioni moja ya gramu) za estradioli, mojawapo ya estrojeni hizo, katika lita ya maji huweza kumfanya dume atengeneze protini ya kiini cha yai.

Bakteria haohao wa samadi na udongo ndio msaada wetu. Kugeuza estradioli kuwa estroni, iliyo dhaifu zaidi, hakuwasumbui. Kazi ni kuvunja pete za molekuli yenyewe, na vimeng'enya vinavyofanya hivyo kwa haraka vinataka oksijeni. Kwa hiyo samadi iliyolowa shimoni hukaa na homoni muda mrefu, hata kama kwa macho imeiva.

Basi rundika juu ya ardhi, mbali na mfereji. Changanya kinyesi na majani makavu ya migomba au maganda ya kahawa. Maranda hunyonya mkojo vizuri ila huchelewa kuoza. Kamua konzi moja: kiganja kilowe, maji yasichuruzike. Chomeka kijiti katikati, na siku chache baadaye ukichomoa kiwe cha moto. Kikiwa baridi na kinanuka, hewa haifiki. Geuza, ya nje yaende ndani. Mimi hugeuza kila wiki mbili, ingawa mgongo hulalamika. Nyuzi nyeupe za kuvu usizitupe: baadhi ya kuvu hutoa lakasi, kimeng'enya kingine kinachoshambulia estrojeni.

Mwenye mtambo wa biogesi asijione amemaliza. Mle ndani hakuna hewa, kwa hiyo tope linalotoka lichanganywe na majani makavu, likae kwenye lundo na kugeuzwa kama samadi nyingine kabla ya kwenda shambani.