Frontosa nyumbani: andaa maji kabla ya samaki

Wengi wanaotaka kufuga samaki wa mapambo hapa Kigoma huanza kwa kuuliza kama kuhe anafugika kwenye tangi la sebuleni. Hafugiki. Kuhe ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii ya sikilidi katika Ziwa Tanganyika, anafika hadi sentimita 80, na tangi la kumtosha lingekula sebule nzima. Mwacheni abaki kitoweo. Anayetaka samaki mkubwa, mtulivu na wa kupendeza amchukue frontosa, yule mwenye mistari myeusi na nundu kwenye paji la uso. Wa Kigoma anajulikana kwa mistari saba, wakati wa sehemu nyingi za ziwa wana sita. Dume hufika sentimita 30 na kupita, na akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 20. Lipige hesabu hilo kabla hujamwita fundi wa vioo.

Frontosa hukaa kwa kundi, dume mmoja na majike watatu hadi watano, hivyo tangi lisipungue lita 500. Lenye urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60 linabeba lita 540, yaani maji peke yake yana kilo 540, bado mawe na mchanga. Usiliweke juu ya kabati la televisheni. Jenga stendi ya chuma au matofali juu ya sakafu ya saruji, tandika povu chini ya kioo, na tumia kioo cha milimita 12. Mwambie fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina dawa hiyo na inaua samaki. Mawe makubwa yatangulie, mchanga uje baadaye, maana jiwe lililosimama juu ya mchanga likichimbwa chini huanguka na kupasua kioo.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Maji anayoyapenda samaki huyu tunayo mlangoni. Tanganyika ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, inayokaribia 9, maji magumu yenye madini mengi, na joto la nyuzi 24 hadi 27. Chota mbali na mwalo, kwa sababu pale Kibirizi na Katonga boti huacha mafuta juu ya maji. Usisimame kwenye matete ya ufukweni ukichota, kichocho kipo. Maji ukishayachota yachuje kwa kitambaa, kisha yaache siku mbili kwenye pipa. Vijidudu vya kichocho vinavyoogelea majini havifikishi muda huo bila kumpata mtu. Anayetumia ya bomba naye ayaache siku mbili kwenye chombo kilicho wazi ili klorini itoke. Maji ya mvua usiyategemee hata kidogo. Hayana madini, na yakiingia tangini kwa wingi pH inashuka ghafla.

Lakini pH hiyo hiyo ya juu ina hatari yake. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki huoza kikazalisha amonia nyingine. Kwenye maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25, zaidi ya theluthi ya amonia ile ile inakuwa sumu. Ndiyo maana mtu aliyefuga kambale miaka mingi anaweza kuua frontosa kwa uchafu ambao kambale asingeushtukia.

Dawa yake ni bakteria. Wanaishi kwenye sponji na changarawe za chujio, wanageuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi. Inawachukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Kwa hiyo jaza maji, washa chujio, tupia vipande viwili vitatu vya dagaa viozee humo, na usubiri. Majirani watakucheka kwa kufuga maji matupu, waache wacheke. Agiza kipimo cha matone kutoka Dar es Salaam, na samaki asiingie mpaka amonia na nitraiti zisome sifuri.

Chujio la kujitengenezea linafaa: ndoo ya lita 20, vipande vya sponji ya godoro, changarawe na pampu. Sponji isuuze kwenye maji uliyoyatoa tangini, kamwe si ya bomba wala sabuni, la sivyo unawaua bakteria uliowasubiri zaidi ya mwezi. Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, ukinyonya uchafu wa chini, urudishe maji ya joto lile lile. Yaliyotoka mwagilia mchicha.

Umeme ukikatika, bakteria hukosa hewa na baada ya saa chache huanza kufa. Usilishe. Weka pampu ndogo ya betri, au chota maji kwa jagi uyamimine toka juu mara kwa mara. Ukikatika usiku kucha, suuza sponji kabla ya kuwasha, maana ukiwasha hivyo hivyo unamwaga maji yaliyooza juu ya samaki.

Hita ya kupasha maji joto huna haja nayo huku chini kando ya ziwa. Kule Kasulu, usiku wa Juni na Julai, utaihitaji.

Chakula ni dagaa wabichi waliogandishwa, wakatwe, mara moja kwa siku, na siku moja kwa wiki asile kabisa. Dagaa wa chumvi hapana, nyama ya ng'ombe hapana. Mafuta yake hayasagiki vizuri tumboni mwa samaki huyu. Akikataa chakula, tumbo likavimba na kinyesi kikawa cheupe kama uzi, acha kulisha, badilisha maji, na muone afisa uvuvi mapema. Usimchanganye na samaki wadogo, kwani ziwani huwawinda alfajiri, wala na mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao wana fujo na wengi wao hula mwani.

Unaponunua, kumbuka frontosa hukaa kwenye miamba, mara nyingi mita 30 kwenda chini. Aliyevutwa haraka hujaa hewa tumboni, huelea kichwa chini, macho yametoka. Huyo usimnunue hata ukipunguziwa bei. Nunua wadogo sita hadi wanane kwa mvuvi mwenye leseni, na wasiwe wametoka kwenye maji ya Hifadhi ya Mahale, ambako uvuvi umekatazwa. Wakulie kwako, madume yakizidi, yahamishe. Jike akiacha kula na kidevu kikajaa, amebeba mayai mdomoni na atakaa hivyo wiki 4 hadi 6, kwa hiyo usimkimbize na wavu. Na ukichoka kuwafuga, wape mfugaji mwingine. Usiwarudishe ziwani, hasa walionunuliwa kutoka upande mwingine wa ziwa, kwa sababu watazaana na wa mistari saba na kuharibu mbegu ya hapa kwetu, na ugonjwa wa tangini utawafuata huko huko.