Kufunga kiwashio kwenye mota kubwa ya roketi: pima kwa tepu, usiamini kidole

Mota kubwa za roketi za mfano, zile za herufi H kwenda juu (herufi inaonyesha nguvu ya mota, na kila inayofuata ina nguvu zaidi), haziwashwi kama zile ndogo za baruti nyeusi. Ile ndogo unaichomekea kiwashio, yaani waya wa umeme wenye dawa ya kuwasha moto, mdomoni na kazi imekwisha, maana fueli yake inaungua kuanzia chini. Mota kubwa ina vipande vya fueli ngumu vilivyopangwa juu kwa juu ndani ya bomba la alumini, na kila kipande kina tundu katikati. Moto unatakiwa uanzie juu kabisa, upande wa kichwa cha roketi. Ukianzia huko, gesi ya moto inateremka ikilamba kuta zote za tundu kabla ya kutoka kwenye nozeli, ule mdomo wa chini wa mota, na presha inapanda papo hapo. Ukianzia chini, moto unakimbilia nje, fueli ya juu inabaki baridi, presha haijengeki, mota inakohoa.

Nililijua hili kwa mota yangu mwenyewe ya I, nilipokuwa masomoni Marekani. Nilisukuma kiwashio mpaka kikagoma, nikaridhika kwamba kimefika. Kumbe kichwa chake kilikuwa kimenasa kwenye mwanya kati ya vipande viwili vya fueli, katikati ya safari. Mota ilikohoa mara mbili, ikatema waya ukiwa bado unafuka, ikanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa salama yetu. Ingewaka nusunusu, roketi ingeachia reli, ile nguzo inayoiongoza inapoanza kupaa, bila kasi ya kutosha, mapezi yake ya mkiani yasingekuwa na upepo wa kushika, na roketi ya namna hiyo inalala na kwenda inakotaka yenyewe, hata kama huko kuna watu.

Tangu nirudi Dar nawafundisha vijana hapa barazani Ubungo kwa mota ya mazoezi: bomba la plastiki la inchi moja na nusu kutoka eneo la Gerezani, ndani tumepanga vipande vya mbao vilivyotobolewa kwa drili. Hakuna fueli hata chembe. Kurusha hapa mjini tusahau, anga hii ina ndege zinazotua uwanja wa ndege wa Kipawa mchana na usiku. Hata ukipata uwanja mbali na mji, omba kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya vyombo vya usalama. Na viwashio nunua vya kiwandani, usikoroge vya kwako nyumbani.

Hatua ya 1: Kikague kiwashio

Kiwashio ni waya pacha, mwishoni una uzi mwembamba wa chuma uliochovywa kwenye dawa inayoshika moto. Itazame ile dawa. Ikiwa imepasuka au imebanduka, usikitumie. Unyevu wa pwani ni adui yake, kwa hiyo mimi navihifadhi kwenye kopo la kufunga kabisa, pamoja na vile vipakiti vinavyonyonya unyevu ndani ya maboksi ya viatu.

Vaa miwani, elekeza kichwa cha kiwashio mbali na watu, kisha pima ukinzani kwa mita ya umeme. Ikionyesha kwamba umeme haupiti, uzi umekatika. Ikionyesha sifuri kamili, nyaya zimegusana mahali. Kipimo hiki kinafanyika kiwashio kikiwa nje. Kikishaingia kwenye mota, mita inarudi kwenye mkoba. Ukimaliza, sokota ncha mbili za waya pamoja na uziache hivyo.

Hatua ya 2: Pima urefu

Hapa ndipo nawaomba vijana wapunguze haraka. Laza kiwashio pembeni ya mota, kwa nje, kichwa kikiwa sambamba na mahali ambapo kipande cha juu kabisa cha fueli kinaishia. Usipime hadi mwisho wa bomba la alumini, maana huko juu kuna kifuniko kinachokula nafasi. Vizuri zaidi upime wakati unaunganisha mota, kabla hujafunga kifuniko, ukiwa unaiona fueli kwa macho. Pale waya unapokutana na mdomo wa nozeli, zungushia tepu ya karatasi. Alama hiyo ndiyo shahidi wako pekee baadaye, kwa sababu roketi ikishasimama huoni chochote ndani.

Kijana mmoja aliwahi kusukuma waya kwenye bomba letu la mazoezi, akaniuliza, "Kaka, si imefika? Imegoma kabisa." Nikamwambia aangalie tepu. Ilikuwa imebaki nje kwa upana wa vidole vinne. Mkono hauwezi kutofautisha mwanya kati ya vipande na mwisho wa tundu, vyote vinagoma vilevile.

Hatua ya 3: Simamisha roketi kwanza

Kiwashio kinaingia mwisho, roketi ikiwa tayari wima kwenye reli. Kama ina elektroniki ya kutoa parachuti, iwashe na usikilize milio yake mpaka uridhike. Wengine wote waondoke, abaki anayefunga na msaidizi mmoja. Ufunguo wa boksi la kurushia, lile lenye betri, kitufe na nyaya za klipu, ukae mfukoni mwa anayefunga. Usiuache kwa mtu mwingine, hata awe rafiki yako wa utotoni.

Hatua ya 4: Ingiza

Nyoosha waya kwa vidole, uingize taratibu. Ukigoma kabla ya alama, usilazimishe. Urudishe nyuma kidogo, uzungushe, upandishe tena. Waya ukiwa mlegevu mno, ufunge kwa tepu kwenye kijiti chembamba cha mbao kinachopita kwenye nozeli bila kubana. Tepu ya alama ikigusa mdomo wa nozeli, umefika.

Sasa ushikilie pale. Kofia ya plastiki inayokuja na mota inafaa, ila lazima iwe na upenyo. Ikiziba kabisa, gesi ya kiwashio inasukuma kofia pamoja na waya nje kabla fueli haijashika moto. Kisha funga waya kwenye mguu wa reli, uzito wake usije ukavuta kichwa chini.

Hatua ya 5: Unganisha

Kabla ya kufungua zile ncha ulizosokota, jaribu klipu za boksi kwa balbu ndogo ya volti 12, hata ya indiketa ya bodaboda inatosha. Ikiwaka, kuna umeme usiotakiwa: ondoka, kachomoe betri, tafuta kosa. Isipowaka, sugua meno ya klipu kwa msasa. Chumvi ya hewa yetu inayafanyia kutu hata yakiwa stoo.

Menya waya sentimita tatu hivi, ukunje mara mbili ili klipu ipate nyama ya kuuma. Klipu zisigusane, wala zisiguse bati la kukinga moto. Simama kwa ubavu, uso wako usiwe chini ya roketi.

Hatua ya 6: Umbali, na ikigoma

Kanuni za usalama za chama cha kitaifa cha roketi cha Marekani, ambazo ndizo tunazozifuata, zinataka watu wakae si chini ya mita 30 kwa mota moja ya H, I au J, mita 61 kwa K, mita 91 kwa L na mita 152 kwa M. Sisi tunaongeza.

Ukibonyeza na kusiwe na kitu, chomoa ufunguo au betri, kisha hesabu sekunde 60 kabla mtu yeyote hajasogea. Ukifika, tenganisha klipu kwanza, ndipo uvute waya. Dawa ikiwa haijaungua, tatizo ni umeme: klipu, betri au waya. Ikiwa imeungua na fueli haikushika, angalia tepu ya alama ilikuwa wapi. Chukua kiwashio kipya, upime upya kuanzia hatua ya 2, hata kama cha kwanza ulikipima vizuri.