SOMO: Kulinganisha hatari ya udukuzi kati ya kampuni za kasino (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, salaam.

Tangu MGM na Caesars zidukuliwe Septemba 2023, kila mwezi napata ujumbe uleule: "Mkuu, kati ya hizi kampuni za kasino ipi iko salama zaidi?" Wengine mna hisa za Marekani, wengine mko kwenye bima, na kuna wanafunzi wa usalama wa mitandao wanaotafuta mada ya ripoti. Nimechoka kunakili jibu moja kwenye inbox ishirini. Naliweka hapa.

Mimi si fundi wa mitambo. Kazi yangu ni kusoma nyaraka za makampuni na kuwaandikia watu wa bima tathmini. Kwa hiyo hapa huhitaji kujua kuandika programu. Unahitaji Excel, kikombe cha chai na kuvumilia Kiingereza cha mawakili.

Hatua ya 1. Chagua kampuni zinazofanana: MGM, Caesars, Boyd. DraftKings iache, ile ni ya kubeti kwa simu na wezi wake ni wa aina nyingine. VICI nayo iache. Inamiliki jengo la Caesars Palace, lakini inakusanya pango tu, haichezeshi mtu.

Hatua ya 2. Ingia EDGAR, maktaba ya SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji Marekani. Ni bure. Pakua fomu 10-K (ripoti ya mwaka) ya karibuni ya kila kampuni na kila 8-K (tangazo la tukio kubwa) inayotaja udukuzi.

Hatua ya 3. Kwenye 10-K soma kipengele 1C: nani anasimamia usalama, anawajibika kwa nani, wazabuni wa nje wanakaguliwa vipi. Kipengele 1A, orodha ya hatari, pitia haraka, maana kampuni zote zinaimba wimbo mmoja. Unachotafuta humo ni pale "huenda tukashambuliwa" inapogeuka kuwa "tulishambuliwa".

Hatua ya 4. Kila tukio lipe mstari wake: lini liligunduliwa, lini lilitangazwa, waliingilia mlango gani, nini kilisimama, nini kiliibwa, nani kasema. Hiyo safu ya "nani kasema" wengi mnairuka.

Hatua ya 5. Linganisha hasara. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo tulieni.

Mwisho wa 2023 nilipeleka jedwali kikaoni. Safu moja, "Hasara". MGM: dola milioni 100. Caesars: dola milioni 15. Chini yake nikaandika kwa herufi nene kwamba Caesars ilijilinda zaidi ya mara sita kuliko mwenzake. Nikasimama, nikaeleza, nikajisikia mtaalamu. Mama mmoja wa idara ya madai, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Mwanangu, hizo ni pesa za aina moja?"

Hazikuwa. Zile milioni 100 ni makadirio ya MGM yenyewe, kwenye 8-K ya tarehe 5 Oktoba 2023. Ni pigo kwenye faida ya uendeshaji kabla ya riba, kodi, uchakavu na pango. Yaani biashara iliyokosekana: mashine za sloti zilizozimika, funguo za kidijitali zilizogoma, wageni walioandikishwa kwa kalamu na karatasi, na wengine walioamua kulala kwingine. Kwenye hoteli zao za Las Vegas vyumba vilijaa asilimia 88 mwezi ule, wakati Septemba iliyotangulia ilikuwa 93. Malipo ya washauri na mawakili, chini ya milioni 10, yalitajwa pembeni.

Ile milioni 15 je? Hiyo ni pesa ya kuwanyamazisha wadukuzi, takriban nusu ya milioni 30 walizodai, na iliandikwa na magazeti. 8-K ya Caesars ya tarehe 14 Septemba haina tarakimu hiyo. Inasema tu kwamba wamechukua hatua kuhakikisha data iliyoibwa inafutwa, kisha inaongeza kwamba hawawezi kulihakikishia hilo. Kwa hiyo nililinganisha mauzo uliyokosa duka lilipofungwa na hongo aliyopewa mgambo ili duka la jirani lisifungwe. Hesabu ya kugawanya ilikuwa sahihi kabisa. Jedwali lilikuwa upuuzi.

ONYO 1: Tengeneza safu tatu, si moja: biashara iliyopotea, gharama za kusafisha, na mkia. Mkia ni kesi. MGM ilikubali kulipa dola milioni 45 kumaliza kesi za wateja, na mahakama ikaridhia 2025. Pesa hizo zinafunika wizi wa data wa 2019 pamoja na ule wa 2023, kwa hiyo usizibebeshe 2023 peke yake. Aliyefunga hesabu Desemba 2023 mkia huo hakuuona kabisa.

ONYO 2: Gawanya kwa kilichoguswa. Mapato ya MGM ya 2023 yalikuwa kama dola bilioni 16.2, Caesars bilioni 11.5. Lakini ndani ya zile 16.2 kuna zaidi ya bilioni 3 za kasino zake za Macau, China, na makadirio ya milioni 100 yalihusu Las Vegas na mikoa mingine ya Marekani. Ukigawanya kwa mapato yote, pigo linaonekana dogo kuliko lilivyokuwa.

ONYO 3: Hasara ya tukio na hasara ya kampuni ni vitu viwili. MGM ilisema inaamini bima yake itatosha. Mwenye hisa akafuta jasho. Sisi wa bima tukaanza kutoka jasho.

Hatua ya 6. Hesabu milango, usihesabu matukio. Caesars imeandika yenyewe: mzabuni wa nje wa huduma za TEHAMA alilaghaiwa. Kwa MGM, magazeti na majigambo ya wadukuzi yanaelekeza kwenye simu kwa dawati la msaada, mtu akijifanya mfanyakazi. Okta, ambao mifumo yao ya utambulisho inatumiwa na makampuni mengi, walikuwa wameonya mwishoni mwa Agosti 2023 kuhusu ujanja huohuo. Washindani wawili, mlango mmoja, wiki chache. Maana yake hatari zao hazikuwa mbili zinazojitegemea, na anayekatia bima zote mbili akidhani amesambaza mayai, ameyaweka kikapu kimoja. Walipoachana ni baada ya mlango kufunguka: Caesars iliendelea kuchezesha, MGM ilizima mifumo na ikatangaza kurudi kawaida tarehe 20 Septemba, siku kama kumi.

Linganisha na Las Vegas Sands, kampuni nyingine ya kasino, iliyoshambuliwa Februari 2014. Pale walikuja kuharibu. Mkuu wa ujasusi wa Marekani, James Clapper, aliliambia Bunge la Seneti 2015 kwamba ni Iran, na miezi michache kabla ya shambulio Sheldon Adelson, bosi wa Sands, alikuwa amezungumza hadharani kuhusu kuirushia Iran bomu la nyuklia. Udhaifu wa namna hiyo huuoni kwenye kompyuta yoyote. Halafu Sands iliuza kasino yake ya Bethlehem 2019 na Venetian 2022. Leo iko Macau na Singapore. Je, historia inaifuata kampuni au inabaki na jengo? Mimi huiandika kwa kampuni na kuipa uzito nusu. Mkiniuliza kwa nini nusu, ni mazoea tu.

Hatua ya 7. Angalia nani analazimika kusema. Nevada, jimbo la Las Vegas, ina kanuni 5.260 tangu Januari 2023: ilipoanza ilitaka tathmini ya hatari, na kuijulisha Bodi inayosimamia kasino ndani ya saa 72. SEC inataka 8-K ndani ya siku 4 za kazi baada ya kampuni kuamua kwamba tukio ni zito, tangu 18 Desemba 2023. Kabla ya hapo kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi. Kampuni yenye mistari mingi kwenye jedwali lako inaweza kuwa ndiyo inayosema ukweli zaidi.

Hatua ya 8. Usitoe alama moja ya jumla. Andika aya moja kwa kila kampuni.

Karibuni kwa maswali.

---

Kobe_la_Pwani: Mkuu ndefu sana. Kwa kifupi ninunue MGM au Caesars?

Mwandishi: Hatua ya 8. Na mimi si dalali.

Mtu_wa_Kariakoo: Mbona jibu liko wazi? Caesars walilipa, mambo yakaisha. MGM walijifanya wagumu, wakapoteza milioni 100. Kulipa ni nafuu.

Mwandishi: Umesoma Hatua ya 5? Yaishe wapi? Namba za leseni za udereva na za hifadhi ya jamii za wateja zilishanakiliwa, na kampuni yenyewe inasema haiwezi kuhakikisha zimefutwa. Kesi za wateja zilifunguliwa dhidi yao pia. Na huwezi kusema MGM ingelipa ingepona. Hilo halikutokea, huna mstari wa kuliandika.

Mtu_wa_Kariakoo: Usikasirike mkuu, ni mjadala tu.

Mwandishi: Sijakasirika. Nimelijibu swali hilo mara arobaini.

Binti_Ubungo: Shikamoo kaka. Niko mwaka wa tatu, nafanya mradi. Chuo kimetupatia alama za BitSight na SecurityScorecard, wale wanaozipa kampuni alama za usalama wa mitandao. Naweza kuzitumia badala ya kusoma fomu zote?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri. Zitumie, ila jua zinaona nini. Zinapita nje ya nyumba zikichungulia: vyeti vilivyopitwa na muda, milango ya seva iliyoachwa wazi, programu za zamani. Hazimsikii anayepokea simu kwenye dawati la msaada, na 2023 yote ilianzia kwa watu kama yeye. Pili, kagua orodha ya tovuti walizoihesabia kampuni. Caesars ya leo ni Eldorado iliyoinunua Caesars ya zamani Julai 2020 na kuchukua jina lake. Familia mbili za mifumo chini ya paa moja. Alama inaweza kuibeba tovuti isiyotumika tena. Zinafaa zaidi kulinganisha kampuni na nafsi yake ya mwaka jana. Ukimaliza mradi uweke hapa, nitausoma.

Binti_Ubungo: Asante sana kaka. Na Boyd niiandikeje? Sioni hasara yoyote.

Mwandishi: Andika hivyohivyo. Walitangaza Septemba 2025: data ya wafanyakazi na ya watu wengine wachache iliibwa, shughuli hazikuguswa, hawakutarajia athari kubwa ya kifedha. Biashara iliyopotea weka sifuri, mkia acha wazi. Kuacha wazi si sawa na kuweka sifuri, Excel inajua tofauti hiyo hata kama wewe umeisahau.

simba_mwendo: Hizo siku 4 za 8-K tangu tukio litokee mbona MGM walichelewa?

Mwandishi: Sikuandika "tangu litokee". Rudia Hatua ya 7. Na Septemba 2023 kanuni hiyo ilikuwa haijaanza kutumika kwao.

Mzee_wa_Kaunta: Ile hadithi ya kasino iliyoibiwa kupitia kipimajoto cha tangi la samaki ni kweli?

Mwandishi: Ilisimuliwa na Darktrace, kampuni ya usalama wa mitandao, 2017, na data ilipelekwa Finland. Lakini kasino haikutajwa jina, kwa hiyo mzee wangu, haina mstari. Naipenda hata hivyo.

Mwanamvita: Niko Mombasa. Hizi kampuni za kubeti za kwetu utazilinganishaje? Hazina 10-K.

Mwandishi: Ndipo kazi inapokuwa ngumu. Kenya sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inaipa kampuni inayotunza data saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Lakini taarifa ya kwa msimamizi si lazima uione wewe. Kwa hiyo tunauliza maswali kwa mdomo. Langu la kwanza: nani ofisini kwenu anaweza kubadilisha namba ya simu ya akaunti ya mteja, na anamthibitishaje aliyempigia?

Mwanamvita: Hilo ni kubwa. Huku namba ya simu ndiyo akaunti yenyewe. Jirani yangu laini yake ilisajiliwa upya na mtu mwingine, salio lote la kubeti likaenda.

Fundi_Simu_Mbezi: Nyongeza: wekeni PIN kwenye laini yenyewe, isibaki ile ya kiwandani. Simu ikiibwa, mwizi akihamishia laini kwenye kifaa kingine ataombwa PIN. Haizuii laini kusajiliwa upya, hiyo ni ya mtandao wenu. Na msitumie nywila moja kila mahali. DraftKings 2022 waliingiliwa akaunti za wateja kwa nywila zilizovuja kwingine.

Mwandishi: Ndiyo sababu niliitoa kwenye Hatua ya 1. Asante fundi. Nyongeza yangu: EDGAR ina sehemu ya kutafuta maneno ndani ya nyaraka tangu 2001, na msisahau 8-K/A, yaani marekebisho. Wakati mwingine namba huja huko baadaye.

Dada_wa_Bima: Mkuu, nimefungua faili letu la mwaka jana sasa hivi. Safu moja, "Hasara". Milioni 15 imekaa palepale. Nafuta.

Mwandishi: Usifute. Ihamishie kwenye gharama, na kwenye "nani kasema" andika: magazeti.