Ukialikwa sushi Osaka: namna ya kukaa, kula na kushukuru

Kila mwaka ikikaribia tarehe 23 Novemba simu yangu haitulii. Wadogo zetu waliokuja Osaka kusoma au kufanya kazi wanauliza jambo lilelile: siku ile ni mapumziko, bosi au mwalimu amewaalika sushi, sasa waende wakafanyeje? Wengine wanataka wao ndio waalike, wamshukuru mzee wa Kijapani aliyewadhamini kupata nyumba au aliyekaa nao kujaza fomu za ofisi ya kata. Basi nimeyaandika yote mahali pamoja. Mimi ni mtoto wa Tanga, marehemu baba alikuwa akinunua samaki mnadani pale Deep Sea, na samaki nawapenda kwa dhati. Mtaniwia radhi nikikawia kwa samaki kuliko kwa adabu za mezani.

Siku yenyewe inaitwa Kinrō Kansha no Hi, siku ya kushukuru kazi na wanaoifanya. Iliwekwa kisheria mwaka 1948, lakini tarehe ni ya zamani zaidi: ilikuwa siku ya Niiname-sai, ibada ya mavuno ambamo Mfalme wa Japani hutoa mchele mpya kwa miungu kisha naye akauonja. Ibada hiyo bado inafanyika kwenye kasri lake Tokyo. Mitaani utakachokiona ni watoto wadogo wakipeleka kadi na michoro kwa polisi na zimamoto. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wanatuletea sisi wahudumu, na kadi zile nimezihifadhi zote. Chakula maalumu cha siku hiyo hakuna. Kila familia inakula inachopenda. Mimi nachagua sushi kwa sababu chini ya kila kipande cha samaki kuna mchele, na siku hii asili yake ni ya mchele.

Uchague wapi

Kama hujawahi kula, anzia sushi ya kuzunguka, ile inayopita mbele yako kwenye mkanda. Imezaliwa hukuhuku kwetu: mwaka 1958 Shiraishi Yoshiaki alifungua mgahawa wake Higashiosaka baada ya kuona chupa za bia zinavyosafirishwa kwa mkanda kiwandani, na maonyesho ya dunia ya Osaka ya mwaka 1970 yakaitangaza nchi nzima. Bei inaanzia yeni mia na ushee kwa sahani. Mlangoni chukua namba kwenye mashine, subiri uitwe. Mezani kuna bomba dogo jeusi la kubonyeza. Maji yake ni ya moto sana na ni ya chai, usinawie mikono. Tia unga wa chai ya kijani kidogo kikombeni, bonyeza kikombe kwenye bomba, tayari. Agiza kwa skrini. Siku hizi mikahawa mingi haizungushi tena sahani ovyo, inakuletea ulichoagiza tu. Ukishagusa sahani ni yako, usiirudishe kwenye mkanda. Sahani tupu zipange juu kwa juu, ndizo zinazohesabiwa.

Mgahawa wa kaunta, ambako mpishi anakutengenezea kipande kimoja kimoja mbele ya macho yako, ni jambo jingine. Bei inaweza kufika makumi ya maelfu ya yeni kwa usiku mmoja, ila mchana huwa nafuu sana, na ndio wakati ninaowashauri. Weka nafasi mapema na ufike kwa saa. Mpishi amenunua samaki kwa kuhesabu vichwa vya wageni wake, usipotokea samaki wako anabaki naye. Na dada zangu wa Pwani, nawasihi: siku hiyo udi na marashi vipumzike. Chumba ni kidogo, samaki wana harufu nyembamba sana, na mgeni wa pembeni yako amelipa ili aisikie.

Kipande kinapowekwa mbele yako

Mtazame mpishi, ambaye wateja humwita taishō. Anachovya vidole kwenye maji yenye siki, anapiga kofi moja dogo kuondoa matone, anachota wali kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshabeba samaki. Anapaka wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, kwa ncha ya kidole, anakutanisha, anageuza, anabana mara chache, anaweka. Wali ule una joto kama la mwili, samaki ni wa baridi kidogo. Hali hiyo haidumu. Kwa hiyo kile hapohapo. Picha piga moja haraka, kama wameruhusu, halafu weka simu chini.

Kula kwa mkono kunaruhusiwa kabisa. Watu wengi wa kwetu wanahangaika na vijiti wakidhani mkono ni utovu wa adabu, kumbe kwa sushi ya kubanwa mkono ni desturi tangu ilipokuwa ikiuzwa vibandani Edo, mji ambao leo ndio Tokyo. Umepewa kitambaa chenye unyevu cha kufutia vidole, kitumie. Shika kipande ubavuni, kilaze, upande wa samaki ndio uguse mchuzi wa soya. Ukichovya wali unanyonya chumvi nyingi na kusambaratika kwenye kibakuli. Kama taishō ameshapaka mchuzi kwa brashi, usichovye tena. Kitie chote mdomoni kwa mara moja. Wasabi imo ndani tayari. Usipoiweza sema "sabi nuki" unapoagiza, hawatakushangaa. Tangawizi ya siki ni ya kusafisha mdomo kati ya samaki mmoja na mwingine, haiwekwi juu ya sushi.

Kwa vijiti kuna makatazo mawili ambayo nayasisitiza, kwa sababu yanagusa misiba. Usivisimamishe ndani ya bakuli la wali, na usimpokeze mwenzako chakula kijiti kwa kijiti. La kwanza ni namna wali unavyowekewa marehemu, la pili ni namna mifupa inavyopokewa baada ya kuchoma maiti.

Mpangilio wa samaki si sheria, lakini una maana. Anza na weupe wepesi kama tai na hirame, nenda kwa jodari, kisha wenye mafuta na waliotiwa siki, malizia anago, yaani mkunga wa baharini aliyepikwa, na tamago, yai tamu la kukaanga. Ukianza na mafuta, weupe hutawasikia tena.

Jodari mpe muda wako. Nyama yake nyekundu ya mgongoni inaitwa akami, ina ladha ya chumachuma tamu. Chūtoro ina mafuta kiasi. Ōtoro ya tumboni inayeyuka. Watu hukimbilia ōtoro kwa sababu ya bei yake, mimi nasema akami nzuri ndiyo inayokuonyesha jodari. Baadhi ya jodari mnaowala hapa wametoka Bahari ya Hindi, wamegandishwa melini kwa nyuzi 60 chini ya sifuri na kusafiri hivyo hadi sokoni. Pweza naye ni wa kutufurahisha sisi. Kwetu tunampigapiga mpaka alainike, hapa wanamkanda kwa chumvi kwa mikono, muda mrefu, mpaka ute wote utoke, ndipo anachemshwa. Ukimtafuna utamjua.

Asiyetaka kuanza na kibichi kitupu aombe sushi ya Osaka yenyewe, ya kubanwa kwenye kisanduku cha mbao. Inayojulikana zaidi ni battera: saba, ndugu wa vibua wetu, ametiwa chumvi na siki, akapangwa juu ya wali na kufunikwa kwa utando mwembamba wa mwani wa kombu, kisha kukatwa vipande vya mraba. Harufu ya siki inakupokea kwanza, halafu utamu wa mwani unafuata polepole. Inabebeka, na ndiyo ninayowapelekea wenzangu wa zamu ya usiku siku ya sikukuu.

Afya na halali

Samaki wa baharini anaweza kuwa na minyoo ya anisakis. Siki haiui, chumvi haiui, wasabi haiui. Kinachoua ni kupika, au kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi. Mpishi aliyesomea kazi anamkagua samaki kwa jicho na kisu. Kwa hiyo kula kwa wenye kazi yao, na nawaomba msinunue jodari soko la Feri, Dar es Salaam, mkajaribu nyumbani baada ya kurudi. Mjamzito aache vibichi, ale kamba wa kuchemsha, yai, na inari, wali uliotiwa ndani ya tofu tamu ya kukaanga.

Kwa Waislamu: samaki peke yake si tatizo, tatizo ni viungo. Sosi nzito ya anago na lile yai tamu mara nyingi hutiwa mirin au sake, ambazo ni pombe za mchele, na mchuzi wa kupaka kwa brashi vilevile. Baadhi ya chupa za soya zina alkoholi ya kuhifadhi, imeandikwa kwenye lebo. Uliza wakati wa kuweka nafasi, usisubiri mpaka umekaa. Taishō akijua mapema atakuwekea soya nyingine na kuruka anago bila mtu yeyote kuaibika. Mie nabeba kichupa changu cha soya ya halali, naomba ruhusa kwanza, na huwa naruhusiwa.

Mchele mpya na shukrani

Novemba maduka yamejaa shinmai, mchele wa mavuno ya mwaka huu. Mtu angetegemea sushi ya siku hiyo itengenezwe kwa huo. Wapishi wengi hawafanyi hivyo: mchele mpya una maji mengi, haunyonyi siki vizuri na wali unanata kupita kiasi, kwa hiyo wanatumia uliokaa, au wanachanganya. Shinmai ununue uupike nyumbani mtupu, ule na chumvi kidogo tu. Kwa vyovyote, wali usibakishe. Nimeona vijana wanabandua samaki, wanakula, na kuacha tonge kwenye sahani. Hilo linamuumiza mwenyeji wako kuliko kosa lolote la vijiti, na mimi pia linaniumiza.

Kabla ya kula unganisha viganja, sema "itadakimasu". Ukimaliza sema "gochisōsama deshita", kwa aliyekualika na kwa taishō, ukimtazama. Wengi wa kwetu wanaishia hapo. Shukrani ya pili inakuja mkikutana tena: "Senjitsu wa gochisōsama deshita", ahsante kwa chakula cha siku ile. Usiisahau hii, ndiyo inayokumbukwa.

Bili usiigombanie. Ukiwa wewe mwenyeji, lipa kimyakimya wageni wanapokwenda msalani. Bahashishi haitolewi, ukiiacha mezani watakukimbilia nayo barabarani. Ukitaka kumpa aliyekualika kitu, kahawa ya Kilimanjaro inapendeza sana, kwa sababu jina hilo Wajapani wanalijua na sasa wanalipokea kutoka kwa mtu wa huko. Korosho za Mtwara nazo hazikataliwi. Mpe kwa mikono miwili, kifurushi kidogo.

Mwisho ni tarehe. Masoko makuu ya samaki hufungwa Jumapili na sikukuu, na migahawa mingi midogo hufunga pia. Tarehe 23 ikiangukia Jumapili, mapumziko yanahamia Jumatatu. Kwa kaunta, kwa hiyo, mlo wenyewe uwe siku moja au mbili kabla, isiwe Jumapili. Kwa sushi ya kuzunguka nenda siku yenyewe, lakini fika saa tano asubuhi au baada ya saa nane mchana, familia zikiwa hazijajaa. Unapopiga simu taja idadi ya watu, taja asiyekunywa pombe, taja mwenye mzio, na kama unakuja na mzee asiyeweza kupanda kiti kirefu, omba meza.